Kadi ya duka au kadi ya benki? Jiulize kwanza utalipa kwa mwendo gani

Chukua kadi ya mkopo ya duka lolote kubwa la Marekani, uigeuze, usome mgongoni. Mbele kuna nembo ya duka na rangi zake. Nyuma, kwa herufi zinazodai miwani, kuna jina la benki iliyoitoa. Kadi ya Lowe's ni ya Synchrony. Za Macy's na Home Depot ni za Citibank. Ya Target ni ya TD Bank. Duka limeazimisha jina lake tu. Fedha, mkataba, riba na barua za kudai vyote vinatoka benki.

Kwa hiyo lile swali wanaloulizana wageni wengi waliohamia huko, "nichukue ya benki au ya duka?", limekaa upande kidogo. Zote ni za benki. Tofauti iko kwenye masharti, na pengine zaidi ya masharti, iko kwenye mahali na saa unapotakiwa kuamua. Kadi ya kawaida ya benki unaiomba umekaa nyumbani, chai mkononi, umefungua kurasa tatu za kulinganisha. Kadi ya duka unaletewa ukiwa umesimama kaunta, foleni iko nyuma yako, mtoto anavuta nguo, na keshia ameshakutajia dola utakazookoa leo hii. Riba hajaitaja. Iko kwenye kijikaratasi au kwenye kile kioo kidogo cha mashine, na hapo hakuna anayesoma.

Kuna mkanganyiko mwingine unaotupata sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Nairobi au Mombasa, kadi ya supamaketi kwa kawaida ni kadi ya pointi: unanunua, pointi zinajikusanya, siku moja unazigeuza kuwa unga na mafuta. Haikukopeshi hata senti. Marekani kadi za namna hiyo zipo pia, na keshia anaweza kuzitaja zote mbili katika sentensi moja. Njia ya kuzitofautisha ni kuangalia unachoombwa. Ukiombwa namba ya simu au barua pepe tu, hiyo ni ya pointi. Ukiombwa namba ya Social Security (ile ya hifadhi ya jamii), tarehe ya kuzaliwa na kipato chako cha mwaka, hilo ni ombi la mkopo, na litaonekana kwenye rekodi yako ya mikopo hata kama utakataliwa.

Maduka ndiyo yaliyotangulia

Leo tunaiona kadi ya duka kama mdogo wake kadi ya benki, lakini kwa umri mambo ni kinyume. Miongo kadhaa kabla ya Visa kuwapo, maduka makubwa ya Marekani yalikuwa yakiwapa wateja wao vibati vya chuma vilivyochapwa jina na anwani, vikiitwa Charga-Plate. Karani alikiweka kibati kwenye mashine, akakigandamiza juu ya karatasi ya mauzo, mteja akatia saini na kwenda na mzigo wake. Mwisho wa mwezi bili inafika nyumbani. Ni daftari la madeni la mangi wa dukani, lililopewa mashine.

Benki ziliingia kwa kishindo mwaka 1958, pale Bank of America ilipotuma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, ambao hawakuwa wameziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1976 ikawa Visa. Jambo jipya lilikuwa kwamba kadi moja ilipokelewa kwenye maduka mengi, na deni liliruhusiwa kulala kutoka mwezi hadi mwezi huku likitozwa riba.

Maduka makubwa hayakufurahi. J.C. Penney ilikubali Visa mwaka 1979, na Sears, ambayo wakati huo ilikuwa jitu la biashara ya rejareja, ilikaza hadi 1993. Ukiielewa sababu yao utaelewa pia kwa nini keshia wa leo hakuachii. Mteja akilipa kwa kadi ya benki, duka hukatwa ada inayozunguka asilimia 2 ya mauzo. Akilipa kwa kadi ya duka lenyewe, ada hiyo hupungua au hutoweka kabisa, riba inabaki nyumbani, na duka linajua mteja kanunua nini, lini na mara ngapi. Baadaye maduka mengi yaliona kazi ya kukopesha na kufukuzana na wadaiwa ni mzigo, yakaiuza kwa mabenki, ila utamu hawakuuachia wote: mikataba yao na mabenki huwapa mgao wa mapato ya kadi. Macy's huandika mapato hayo kwenye mstari wake wa peke yake katika hesabu za mwaka, na ni mamia ya mamilioni ya dola.

Kwa hiyo usimkasirikie yule kijana wa kaunta anayekuuliza mara ya pili. Mara nyingi amewekewa idadi ya maombi anayotakiwa kuyafikisha, na meneja wake anahesabu.

Riba ya asilimia 30 ilivyopata uhalali

Desemba 2024, CFPB, ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda wateja wa huduma za fedha, ilitoa uchambuzi wa kadi za maduka. Iligundua kuwa kadi tisa kati ya kumi zilikuwa na riba ya juu kabisa inayozidi asilimia 30 kwa mwaka. Katika kipindi hichohicho wastani wa kadi zote za mkopo zenye deni lililolala, kwa takwimu za benki kuu ya Marekani, ulikuwa ukizunguka asilimia 21 hadi 23.

Mtu wa kawaida huuliza: sheria iko wapi? Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za kale za kuzuia riba kubwa. Lakini mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi ya Marquette, iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa na jimbo ambako benki yenyewe ina makao. Mara moja ikawa biashara ya majimbo. South Dakota ikaondoa ukomo wa riba, na Citibank ikahamishia shughuli zake za kadi Sioux Falls mwaka 1981. Delaware ikafuata mwaka huohuo. Leo Synchrony Bank iko Utah na Comenity Bank, mtoaji mwingine wa kadi za maduka, iko Delaware. Unaweza kuwa unaishi kwenye jimbo lenye sheria kali kuliko yote, lakini kadi yako inaishi Utah.

Zipo taasisi ambazo uamuzi huo haukuzifungulia mlango, na ajabu ni kwamba wageni wengi wanazipita kila siku wakidhani ni benki za kawaida. Ni vyama vya akiba na mikopo, vile tunavyovijua nyumbani kwa jina la SACCOS. Marekani vipo kwa maelfu, na vile vilivyosajiliwa na serikali kuu haviruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, kadi za mkopo zikiwamo. Mtu aliyekuwa mwanachama wa SACCOS ya walimu Morogoro au ya wakulima wa chai Kericho hahitaji kuelezwa mara mbili: unafungua akaunti, unaweka kiasi kidogo kama hisa yako, unakuwa mwanachama, na ndipo unaomba. Mjadala wa benki dhidi ya duka huwa unamsahau huyu wa tatu, nami naona ndiye anayestahili kuulizwa wa kwanza.

Hesabu ya kompyuta ya dola 800

Tuingie kwenye namba, maana hapa ndipo wanaozisifu kadi za duka na wanaozilaani wote wanapoteleza.

Unanunua kompyuta mpakato ya dola 800. Duka linakwambia ukichukua kadi yao leo utapunguziwa asilimia 15, yaani dola 120, ila riba yake ni asilimia 32. Mfukoni unayo kadi ya benki yenye riba ya asilimia 21, isiyo na punguzo lolote. (Namba ni za mfano na hesabu ni ya kukadiria, mabenki hukokotoa riba kwa siku, kwa hiyo dola moja mbili zitapishana.)

Ukilipa lote bili ya kwanza inapofika, hakuna riba upande wowote. Duka limekugharimu 680, benki 800. Duka limeshinda, na hakuna cha kubishana.

Ukilipa dola 40 kila mwezi, kadi ya duka itakuchukua miezi 23 na jumla ya dola 918 hivi. Kadi ya benki itakuchukua miezi 25 na jumla ya dola 993. Duka bado limeshinda, pamoja na riba yake yote ya asilimia 32. Wale wanaosema kadi ya duka ni wizi mtupu hawajawahi kukaa na kalamu wakafika hapa.

Shusha malipo hadi dola 30 kwa mwezi. Duka 1,057, benki 1,087. Sasa wanapumuliana shingoni. Shusha tena hadi 25, kiasi ambacho kinakaribia kabisa kima cha chini ambacho benki ingekudai, na mizani inageuka: duka 1,227, benki 1,183, na njia zote mbili zimekula miaka minne ya kulipia kompyuta ambayo kufikia hapo pengine haiwaki.

Dawa ya deni ni kulipa, tumeambiwa tangu utoto. Kwenye kadi, dozi ndiyo inayoamua. Lakini mfano huu una shimo ambalo duka linalijua vizuri: punguzo la asilimia 15 ni la siku ya kwanza tu. Miezi sita baadaye unarudi, kadi imo mkononi, unanunua friji ndogo ya dola 800 bila punguzo. Kwa dola 30 kwa mwezi, friji hiyo kwa kadi ya duka itakugharimu kama dola 1,415. Kwa kadi ya benki, 1,087. Kwa kadi ya chama cha akiba na mikopo yenye asilimia 18, kama 1,029. Zile dola 120 ulizopewa kwenye kompyuta zimerudishwa karibu mara tatu.

Hapo ndipo biashara ilipo. Siku ya kwanza duka linaweza hata kupata hasara kwako, kwa furaha. Linachonunua ni safari zako zijazo.

Kwa hiyo punguzo la kaunta lipime kwa maswali mawili. Je, ninacho kiasi chote hiki benki sasa hivi, na ninachokosa ni sababu tu ya kukitoa? Na je, duka hili ningelirudia hata bila kadi? Anayejibu ndiyo mara mbili anaweza kuchukua kadi, akalipa bili yote, na akalala usingizi. Mwingine yeyote aseme "hapana, asante", na kama keshia anarudia, arudie naye.

Ile "miezi 12 bila riba"

Kwenye fanicha, magodoro, vifaa vya umeme na hata matibabu ya meno, ofa huwa haiji kama punguzo. Inakuja kama muda: miezi 12 au 18 bila riba. Wengi huichukulia sawa na ile miezi bila riba inayotolewa na kadi za kawaida za benki, na majina yanafanana kweli. Zinavyofanya kazi ni tofauti kabisa.

Kwenye kadi nyingi za benki zenye kipindi cha riba sifuri, muda ukiisha ukiwa bado unadaiwa dola 60, riba inaanza kuhesabiwa juu ya hizo 60. Kwenye kadi nyingi za duka, riba haijasamehewa, imeahirishwa. Inahesabiwa kimyakimya tangu siku uliyobeba sofa, inawekwa pembeni, na inafutwa iwapo tu utamaliza deni lote kabla ya tarehe. Ukibakiza hata dola chache, yote inadondoka juu yako kwa mpigo.

Sofa ya dola 1,200, miezi 12, riba ya asilimia 30. Mama wa nyumba anajua akilipa 95 kila mwezi atakuwa amekaribia sana, na zile 60 za mwisho atazimalizia mwezi wa 13. Mwezi wa 13 bili inakuja na dola 60 pamoja na riba ya mwaka mzima, zaidi ya dola 200. Kasoro yake ilikuwa dola 5 kwa mwezi. Na bili ilikuwa haimsaidii, kwa sababu kima cha chini kilichoandikwa pale, tuseme dola 40, hakikupigwa hesabu ya kumaliza deni ndani ya muda. Anayelipa kima cha chini kwa uaminifu, bila kuchelewa hata siku moja, bado anafika mwisho wa mwaka anadaiwa zaidi ya nusu ya sofa.

Mtindo huu umewahi kuzua kesi. Desemba 2013 CFPB iliiamuru GE Capital, iliyokuwa mmiliki wa kadi ya matibabu ya CareCredit, kurudisha hadi dola milioni 34.1 kwa wateja ambao hawakuelezwa sawasawa jinsi riba iliyoahirishwa inavyofanya kazi. Biashara hiyo ya kadi ndiyo iliyotengwa mwaka uliofuata ikawa Synchrony. Mtindo wenyewe haukupigwa marufuku.

Ukishaingia, gawa bei kwa idadi ya miezi pungufu ya mmoja. Sofa ya 1,200 kwa miezi 12 igawanye kwa 11, upate kama dola 110 kwa mwezi, na uweke malipo ya kujiendesha yenyewe. Ule mwezi uliobaki ni wa posta kuchelewa, kazi kusimama, au msiba nyumbani.

Historia ya mkopo, hoja inayowavuta wageni

Anayefika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au kutoka Bujumbura anakuta kwamba fedha taslimu na uaminifu wake wa miaka yote havina pa kuandikwa. Mwenye nyumba ya kupanga anaangalia alama za mkopo, au skoa kama wengi wanavyoiita. Muuza gari naye vilevile. Hapo mtu hushauriwa achukue kadi ya duka "kwa sababu wanatoa kirahisi", na ushauri huo una ukweli ndani yake. Kadi za maduka huidhinishwa kwa watu wenye skoa za chini kuliko kadi za kawaida. Kikomo chake huwa kidogo na riba yake kubwa, na kwa viwili hivyo benki inajilipa hatari.

Lakini kikomo kidogo kinauma kwa njia yake. Katika skoa ya FICO, inayokwenda kutoka 300 hadi 850, uaminifu wa kulipa kwa wakati huchukua asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Katika hicho cha pili huangaliwa umetumia sehemu gani ya kikomo chako. Koti la baridi na viatu vya watoto vya dola 240 kwenye kadi ya duka yenye kikomo cha 300 ni asilimia 80 ya kikomo. Unaonekana mtu aliyebanwa. Manunuzi hayohayo kwenye kadi yenye kikomo cha 3,000 ni asilimia 8. Umevaa koti lilelile, skoa mbili tofauti.

Halafu kila ombi la mkopo huacha alama kwenye rekodi kwa miaka miwili. Moja si neno. Ila kuna watu wanaozunguka maduka manne Ijumaa ile ya baada ya sikukuu ya Thanksgiving, kila kaunta punguzo, kila kaunta ombi, na Jumatatu wanashangaa benki ya mkopo wa gari imewaongezea riba.

Kwa mgeni asiye na historia, mimi ningeanza na kadi ya dhamana. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, na kikomo chako kinakuwa hizo 200. Unatumia kidogo, unalipa yote, na taarifa zinakwenda Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo. Uliza kwanza kama zinapelekwa kwa zote tatu. Baada ya mwaka hivi, ukiwa na nidhamu, benki nyingi hukurudishia amana na kukuachia kadi ya kawaida. Asiye na namba ya Social Security aulizie taasisi zinazopokea ITIN, ile namba ya mlipakodi. Zipo, na vyama vya akiba na mikopo vya mitaani ni pa kwanza pa kubisha hodi.

Jambo jingine ambalo halisemwi kaunta: kadi ya duka isiyo na nembo ya Visa au Mastercard inafanya kazi kwenye duka hilo na ndugu zake tu. Tairi ikipasuka barabarani haikusaidii. Tiketi ya Dar es Salaam hainunui. Ukishuka Jomo Kenyatta na kadi hiyo pochini, ni plastiki. Baadhi ya maduka hutoa aina mbili kwa fomu moja: skoa yako ikiwa nzuri unapewa yenye nembo ya Visa au Mastercard, ikiwa dhaifu unapewa ya dukani pekee, na jibu unalijua baada ya ombi kuingia kwenye rekodi. Yenye nembo inatumika kokote, ila riba yake ni ileile ya duka, na ukiitumia nyumbani baadhi yake hukata karibu asilimia 3 ya ziada kwa kila malipo ya nje ya nchi.

Wapo wasomaji ambao kwao suala haliishii kwenye kiwango cha riba. Kwa Muislamu, mkataba wenye sharti la riba ni tatizo hata kama riba yenyewe haitalipwa, na wanazuoni hawako kauli moja: wapo wanaoukataa kabisa, wapo wanaoruhusu kwa haja, kwa sharti la kulipa lote kwa wakati. Hilo mtu ataliuliza msikitini kwake. Ninachoweza kuongeza ni kwamba punguzo la duka halilazimu kuja na mkopo. Target, kwa mfano, hutoa asilimia 5 kwenye kadi yake ya mkopo, na hutoa asilimia 5 hiyohiyo kwenye kadi yake inayokata moja kwa moja kutoka akaunti yako ya benki. Hakuna deni, hakuna riba, na hakuna anayekukumbusha kwamba aina ya pili ipo usipouliza.

Na hiyo asilimia 5 ya kila siku, kwa familia inayonunua nepi, sabuni na chakula sehemu moja wiki hadi wiki, inazidi kile ambacho kadi nyingi za benki zinarudisha, yaani asilimia 1.5 au 2. Kadi ya duka ya namna hiyo naiheshimu. Zile za duka la nguo unaloingia mara mbili kwa mwaka siziheshimu.

Ukishakuwa nayo

Sheria ya mwaka 2009 iliyotiwa saini na Rais Obama, inayojulikana kama CARD Act, inazigusa kadi za aina zote mbili. Lazima upewe angalau siku 21 kati ya bili na tarehe ya kulipa. Riba ya manunuzi mapya haiongezwi bila notisi ya siku 45. Bili lazima ionyeshe deni litachukua muda gani ukilipa kima cha chini tu; kisome hicho kijisanduku, kinatisha kuliko makala yoyote. Aliye chini ya miaka 21 lazima awe na kipato chake mwenyewe au mdhamini. Na kwa sheria nyingine ya zamani zaidi, kadi ikiibwa, dhima yako kwa matumizi ya mwizi haivuki dola 50, iwe ya benki au ya duka.

Deni likishalala mwezi mmoja, kumbuka, ile nafuu ya siku 21 bila riba inakatika: mkate unaonunua leo unaanza kutozwa riba leo. Kwa mwenye kadi mbili, moja ya asilimia 21 na moja ya 32, lipa kima cha chini kwenye ya kwanza na kila senti ya ziada ipeleke kwenye ya pili, na manunuzi mapya yasimame huko mpaka iishe. Kuifunga kadi hakufuti deni. Duka kufilisika nako hakulifuti. Bed Bath & Beyond ilipoomba ulinzi wa mahakama Aprili 2023 na matawi yake kufungwa, waliokuwa wanadaiwa kwenye kadi yake waliendelea kudaiwa, kwa sababu aliyewakopesha hakuwa duka.

Na ukiomba ukakataliwa, usiondoke na aibu. Mtoa kadi anatakiwa kukujulisha ndani ya siku 30, na kukupa sababu au kukueleza namna ya kuipata. Ikiwa sababu ilitoka kwenye rekodi yako, una siku 60 za kudai nakala yake bure kutoka kampuni iliyoitoa. Hata bila kukataliwa, rekodi zote tatu zinapatikana bure kila wiki kwenye tovuti ya AnnualCreditReport.com. Angalia majina kwanza. Kwa sisi wenye majina matatu au manne, ambayo afisa uhamiaji aliyapanga alivyotaka, si ajabu kukuta deni la mtu mwingine limeegeshwa kwako, au malipo yako mazuri ya mwaka mzima yameandikwa kwa jina la babu.